Mwaka wa Bega Moja

Simu ya Zuhura ilinikuta nimebana pini mdomoni. Nilikuwa katika chumba cha mavazi cha studio moja hapa Dar es Salaam, nimepiga magoti nyuma ya mwigizaji aliyekuwa akiigiza mke wa tajiri, nikilipanga vizuri gauni lake jeupe la bega moja. Mwongozaji alikuwa amenipa agizo la maneno machache: "Nataka kitu cha Kigiriki." Wote husema hivyo. Akitokea malkia kwenye hadithi, Kigiriki. Akitokea malaika kwenye tangazo la sabuni, Kigiriki. Tajiri mwenye roho mbaya akiandaa karamu ya kuwadhalilisha wenzake, mkewe lazima ashuke ngazi akiwa na bega moja wazi na kitambaa kinachomwagika hadi sakafuni. Mwigizaji yule, binti mcheshi, alikuwa ananiuliza, "Mama Vero, hawa Wagiriki walikuwa hawana kitambaa cha kutosha mabega mawili?" Nikataka kumjibu, simu ikaita. Zuhura hakusalimia. Alisema, "Vero, mama ametutoka alfajiri hii." Nikazitoa pini mdomoni moja moja, nikaziweka mezani, nikakaa chini sakafuni pale pale.

Niliposhuka kwenye basi Singida kesho yake, Mama Zuhura alikuwa ameshazikwa, kama desturi ya Waislamu ilivyo, nami nililijua hilo tangu napanda basi. Nilikwenda hivyo hivyo. Upepo wa Singida ulinipokea stendi kwa kunivua mtandio, nikaukimbilia kama mwendawazimu, na mama mmoja muuza karanga akacheka akasema, "Huyu ametoka mbali, ameshausahau upepo wetu." Nilikaa siku kadhaa katika nyumba ile ya msiba, juu ya mkeka, bega kwa bega na Zuhura, tukinywa chai ya tangawizi na kupokea wageni. Ni ndani ya siku zile nilipoanza kuuona tena ule mwaka niliokaa kwao, chumba kwa chumba, sahani kwa sahani. Nimeishi miaka mingi na nimefanya mengi, lakini nikiulizwa nimetoka wapi, jibu langu la kweli ni mwaka ule mmoja.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, enzi ambayo watu bado waliita ya ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Mimi nilikuwa msichana wa Mungaa niliyemaliza kidato cha nne bila matokeo ya kujivunia, nikapelekwa mjini Singida kujifunza ushonaji kwa Mama Zuhura, fundi ambaye jina lake lilijulikana hadi vijijini. Nyumba yake ilikuwa karibu na soko. Mbele palikuwa na chumba cha kazi, cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na pasi ya mkaa iliyokuwa ikitoa moshi tangu asubuhi. Nyuma yake, nyuma ya pazia la kitenge, palikuwa na chumba chetu mimi na Zuhura, kitanda kimoja, godoro la sufi lililobonyea katikati hata tukawa kila asubuhi tunaamka tumebanana kama ndizi. Kutoka kitandani ungeweza kusikia kila neno lililosemwa chumba cha kazi. Nadhani elimu yangu kubwa niliipata nikiwa nimelala chali nyuma ya pazia lile, nikisikiliza wanawake wakieleza wanataka gauni la namna gani, na kwa nini.

Lakini niliingia katika nyumba yenye vita. Mitumba ilikuwa imefurika. Marobota yalishushwa kutoka kwenye malori, yakapasuliwa, na watu wakainama juu ya malundo kama kuku juu ya mtama. Gauni zima lenye vifungo na lainingi ulilipata kwa bei ambayo kwa Mama Zuhura isingelipia hata kitambaa. Wateja wake wakapungua. Wengine walimletea mitumba wenyewe wapunguziwe kiuno, naye alipokea huku ameuma midomo. Na aliyekuwa akiuza mitumba ile mnadani, kwa sauti kubwa kuliko vijana wote, alikuwa ni binti yake wa kumzaa, Zuhura, rika langu.

Usiku hawakugombana, waligombana wakati wa chakula cha mchana, tena kwa adabu, ambayo ni mbaya zaidi. Tulikaa chini jikoni, sinia ya ugali wa uwele katikati, bakuli la mlenda, na mara moja moja kuku. Mama Zuhura angekata tonge, angelizungusha kwenye mlenda, angesema akinitazama mimi, "Vero, mwanangu, unajua nguo ya mtumba ina kasoro gani? Imeshonewa mtu mwingine. Fundi wake hakukujua." Naye Zuhura angejibu akinitazama mimi pia, "Vero, ndugu yangu, unajua ugali huu umenunuliwa kwa nini?" Mimi nilikaa katikati kama ukuta unaopigwa mipira pande zote mbili. Nilikula kimya. Nilijifunza kula haraka.

Mwaka huo huo ndipo televisheni ilipoingia mtaani kwetu. Mzee Hemedi, mwenye mashine ya kukamua alizeti, alinunua moja pamoja na dishi kubwa kama karai la kuogeshea ng'ombe, akalifunga kwa waya uani upepo usije ukaling'oa. Jumapili alasiri mkewe alikuwa akiitoa televisheni barazani, na mtaa mzima ukajaa uani kwake, Wakristo waliotoka kanisani wakiwa bado na nguo zao nzuri, Waislamu, watoto, hata wafugaji waliokuja mnadani wakachelewa kuondoka. Tuliangalia tamthilia ya kigeni ya wafalme na miungu wa Wagiriki wa kale. Ilikuwa kwa Kiingereza cha haraka, hakuna aliyeelewa vizuri. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alijitolea kututafsiria, na nina hakika nusu ya hadithi aliitunga mwenyewe, maana tafsiri zake zilikuwa ndefu kuliko maneno ya waigizaji. Sisi hatukujali. Sisi wanawake tulikuwa tunaangalia nguo.

Palikuwa na malkia mmoja mle ndani. Alivaa kitambaa cheupe kilichoanzia bega la kushoto, kikapita kifuani, kikabanwa kiunoni, halafu kikateremka kwa mikunjo mingi hadi miguuni. Akitembea, mikunjo inatembea naye. Hakuna mshono ulioonekana. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Mama Zuhura, aliyekuja mara ya kwanza kwa kunung'unika, alikaa juu ya kigoda chake mbele kabisa na hakupepesa macho. Tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Umeona alipokatia?"

"Sijaona, mama."

"Hata mimi. Na mgongo hatukuuona. Hawa watu wa televisheni hawageuki."

Juma lile lile akaja Agnesi. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimelala kwa homa, ndiyo maana nikayasikia yote. Alikuja na mama yake, watu wa Ihanja waliohamia mjini. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, Mama Agnesi alishusha sauti. Binti anaolewa baada ya mavuno, kanisani. Magauni ya kukodi wameyazungukia yote na hayafai, kwa sababu yote yana shingo pana yanaacha mabega, na Mama Zuhura anajua tatizo la bega. Kila mtu alilijua. Agnesi aliungua alipokuwa mtoto mdogo, chungu cha uji kilipinduka, na kuanzia shingoni hadi chini ya bega la kushoto ngozi yake ilikuwa imejikunja kama karatasi iliyoshika maji. Tangu nimjue hakuwa amewahi kutoka bila kanga kufunika upande ule, hata jua likiwa kali vipi.

"Mshonee lenye kola ndefu na mikono mirefu," alisema mama yake. "Nzito. Watu wasije wakaacha kula wakaanza kutazama bega."

Kisha nikamsikia Agnesi, sauti yake ndogo lakini haikutetemeka. "Mama, nimevaa kola maisha yangu yote. Mama Zuhura, wewe unaangalia ile ya Jumapili kwa Mzee Hemedi?"

"Naangalia."

"Yule malkia. Bega alilolifunika ni la kushoto. La kulia liko wazi. Mtu akimwangalia haulizi kwa nini kafunika lile. Anaona kavaa."

Mama Agnesi akaanza kulia. Alisema, "Mimi ndiye niliyekuwa jikoni siku ile," akarudia tena, na Mama Zuhura akasema, "Tunajua, mama. Na ndiye uliyembeba hadi hospitali. Kaa, nikupe chai." Nikiwa nyuma ya pazia, homa ikinichoma, nilitamani sana gauni lile liwezekane. Sikuwahi kutamani nguo yangu mwenyewe kiasi kile.

Kuahidi ni rahisi. Mama Zuhura alitandika magazeti ya zamani mezani akachora, akakata, akaunganisha kwa pini, akanivisha mimi, akavunja. Gauni la karatasi lilikataa. Ukiweka mshono hapa, linavuta pale. Ukiongeza marinda, linakuwa kama sketi ya shule. Tuliendelea kumtazama malkia kila Jumapili, tumegawana kazi: mimi bega, yeye kiuno, lakini malkia aliendelea kutunyima mgongo. Siku moja Mama Zuhura akaweka chaki chini, akaniuliza, "Vero, kanisani kwenu si kuna sanamu?"

Ilikuwa kweli. Pembeni mwa altare yetu, ndani ya kidaka ukutani, alisimama malaika wa plasta ambaye wamisionari walimleta zamani, naye amevaa vile vile kabisa, bega moja wazi na mikunjo hadi vidole vya miguu. Nilikuwa nimesali mbele yake miezi yote ile bila kuona nguo yake. Nikaenda siku ya katikati ya juma, wakati kanisa halina mtu. Nilipiga ishara ya msalaba, nikaomba radhi, nikapanda juu ya benchi, nikapenyeza kichwa kati ya bawa na ukuta nione mgongo. Hakukuwa na mgongo. Nyuma palikuwa plasta tupu, haikuchongwa wala kupakwa rangi, na alama za vidole vya fundi zilikuwa bado zipo. Aliyemtengeneza alijua hakuna atakayechungulia. Niliporudi nikasimulia, Mama Zuhura alicheka hadi akashika cherehani. "Basi hata malaika," alisema. "Hata malaika, mwanangu!"

Tatizo la pili lilikuwa kitambaa. Tulikwenda dukani kuuliza bafta nyeupe, ndefu, isiyokatwa. Mwenye duka akavua kofia yake, akauliza kwa upole, "Poleni. Nani amefariki?" Tukatoka bila kununua. Njiani Mama Zuhura akasema hilo ndilo lililokuwa linamsumbua tangu mwanzo: nguo nyeupe isiyokatwa wala kushonwa, katika dini yake ni ya watu wawili tu, maiti na hujaji. Mjomba wa marehemu mumewe alikwenda Maka, na katika picha aliyorudi nayo amejifunga hivyo hivyo, bega la kulia wazi. "Hujaji sawa," alisema. "Hujaji amekwenda kwa furaha. Tumfikirie huyo."

Aliyetuokoa ni Zuhura. Alikuwa ametusikiliza siku zote zile akila ugali wake. Alasiri moja akarudi kutoka mnadani na mzigo kichwani, akautua juu ya meza ya kukatia, mbele ya mama yake, mahali ambapo mtumba ulikuwa haujawahi kuwekwa. Lilikuwa pazia. Pazia la dirisha kubwa sana la nyumba fulani ya Ulaya, rangi ya maziwa, laini, zito, refu kuliko sisi sote. "Nimepasua robota leo nikaliona," alisema. "Wanawake wamelivutania nami, nimewanyima."

Mama Zuhura alilishika pazia kwa vidole viwili, kisha kwa kiganja, kisha akalinyanyua lote likaanguka. Halikuelea kama bafta. Lilianguka moja kwa moja, kwa uzito wake, likatulia kwa mikunjo. Akapapasa pindo, akakuta vitu vigumu. Ndani ya pindo walikuwa wameshona vipande vidogo vya madini mazito ya risasi ili upepo usilipeperushe. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kazi hii na kutafuta vitabu vya mavazi ya kale, nilisoma kwamba Wagiriki nao walishona vizito kwenye ncha za nguo zao zikae vizuri. Niliposoma hayo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Sisi tulivikuta kwenye mtumba.

Akamwita Agnesi. Akamsimamisha juu ya kigoda katikati ya chumba, akatuamuru tufunge mlango, na mlango ukakataa kwa sababu ya upepo, nikausimamia kwa mgongo. Mkasi ulikuwa mkononi mwake. Alilizungusha pazia mwilini mwa Agnesi kama mtu anavyojifunga kanga, ili apime tu. Sehemu ya juu ikazidi, akaikunja nje ikaning'inia kifuani. Akavuta ncha mbili zikutane juu ya bega la kushoto, akazibana kwa pini. Kisha akatafuta kitu cha kubania kiuno, hakikuwepo karibu, akavua futi yake ya kupimia shingoni akamfunga nayo. Akarudi nyuma hatua kadhaa. Malkia wa Jumapili alikuwa amesimama juu ya kigoda chetu, amefungwa futi.

"Kumbe haishonwi," alisema Mama Zuhura polepole. "Inavaliwa." Akautazama mkasi wake kama mtu aliyetukanwa. "Sasa mafundi watakula nini?"

Zuhura akasema, "Ugali wa mitumba," na mama yake akacheka, akacheka kweli kweli, akamvuta binti yake kichwa akakibana kifuani kwake na mkasi ukiwa bado mkononi. Mimi nikaendelea kuusukuma mlango.

Kazi ya fundi ilikuwepo, ila ilikuwa ya kujificha. Tulimshonea kiblauzi cha ndani kisicho na mabega cha kumshika mwili, tukaweka vishikizo visivyoonekana, tukasuka mkanda, tukapiga pasi mikunjo mmoja mmoja kwa kitambaa kilicholowa. Bibi yake Agnesi alikuja kutoka Ihanja kuangalia, akazunguka mara moja, akasema mama zao walifunga kaniki begani hivyo hivyo wakienda kupalilia, ili mkono wa jembe uwe huru. "Mnasema ni nguo ya wafalme?" aliuliza. "Mfalme ana jembe gani?" Nami baadaye nilikuja kukuta kwamba bibi hakuwa mbali na ukweli. Kwa Wagiriki wenyewe, bega moja wazi lilikuwa hasa vazi la watu wa kazi, mafundi na watumwa waliohitaji mkono. Na nguo zao zilikuwa na rangi nyingi. Ni sanamu zao zilizopoteza rangi kwa miaka na mvua, ndipo watu wa sinema na televisheni wakadhani walivaa nyeupe tu, nasi tukawaiga wa televisheni. Huwa nawaeleza hivyo waongozaji wanaponiambia wanataka cha Kigiriki. Wananisikiliza vizuri, halafu wanasema, "Sawa, lakini liwe jeupe."

Habari hazikai mjini Singida. Wiki ya mwisho katekista wetu alikuja, mzee mstaarabu aliyevaa koti hata kwenye joto. Alisema wazee wa kanisa wana wasiwasi, bibi arusi hawezi kufika mbele ya altare bega nje. Mama Zuhura alimpa kiti na maji ya kunywa. "Mwalimu," alisema, "mimi si wa dini yenu, na ndani mwenu sijawahi kuingia, kwa hiyo unisamehe nikikosea. Huyu Vero anasema mna malaika pale mbele. Amevaaje?" Niliona katekista anamvuta malaika kichwani mwake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya koti, akacheka bila sauti. "Huyo hatujamwita kwenye kikao," alisema. Wakakubaliana kama watu wazima wanavyokubaliana: ndani ya kanisa shela litafunika bega la kulia, nje ni furaha ya watu.

Siku ya arusi Mama Zuhura aliingia kanisani kwa mara ya kwanza maishani mwake, akakaa benchi la nyuma kabisa pamoja nami na Zuhura, amejifunika buibui. Agnesi alipopita katikati, kanisa lote lilitoa pumzi. Sijui namna nyingine ya kueleza. Watu waliomjua tangu mtoto walikuwa wanatafuta kwa macho ile kanga ya kila siku na hawakuiona. Waliona mwanamke mrefu, kumbe alikuwa mrefu, anayetembea na nguo inamfuata kama maji. Mama Zuhura alinong'ona, "Mgongo umekaa."

Sherehe ilifanyika uwanjani nyuma ya nyumba ya bwana arusi. Kulikuwa na pilau, nyama ya mbuzi, kuku wa kienyeji, na togwa kwenye ndoo. Shela lilikuwa limevuliwa. Ngoma ilipokolea, wanawake wakamzunguka Agnesi, naye akanyanyua mikono miwili juu kucheza. Nikakisikia kile kishikizo cha begani kabla sijakiona. Labda sikukisikia, labda nakumbuka hivyo tu. Kilifunguka. Upepo ule ule wa Singida ukaingia ndani ya kitambaa, na upande wote wa kushoto ukashuka hadi kwenye kile kiblauzi cha ndani. Bega likawa wazi, na shingo, na kovu lote, mchana kweupe, mbele ya ukoo wa mume.

Nilimwona Mama Agnesi anarusha sahani yake na kuanza kukimbia, kanga yake ameshaifungua akamfunike. Nilimwona Mama Zuhura amesimama, mkono mdomoni. Lakini Agnesi hakuinama. Aliushika mkunjo uliokuwa unaanguka, akautazama, akacheka kwa sauti, kisha akautupa juu ya bega lake kwa mkono mmoja, kama mwanamke yeyote anavyotupia kanga yake akiwa na haraka ya kwenda kisimani. Ulikaa kidogo, ukateremka tena. Akautupia tena, kwa mdundo wa ngoma safari hii, na wanawake wakaona ni mchezo, wakaanza kutupia kanga zao mabegani kwa mdundo ule ule. Mama yake alifika katikati ya duara na kanga mkononi. Agnesi akamshika mkono, kanga na yote, wakacheza. Na yule mama, ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti, akapiga kigelegele kirefu mpaka watu wa barabarani wakasimama.

Baadaye nilimwambia Mama Zuhura kwamba kishikizo kile nilikiweka mimi na nilijutia. Alinikatisha. "Ungekishona kwa waya kingeshika," alisema, "na sisi tusingeona tulichokiona." Tulikuwa tunatembea kurudi nyumbani, sisi watatu, tumebeba vyakula vya kufungiwa. Zuhura akamwuliza mama yake kama mapazia mengine yakitokea ayaweke pembeni. "Yaweke," alisema. "Ya rangi pia."

Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyopona. Wanawake wa Singida, hadi Manyoni na Itigi, walikuja kutaka bega moja. Zuhura alichagua vitambaa kwenye marobota, mama yake akavipanga mwilini, mimi nikashona yasiyoonekana. Kwenye sinia ya mchana sikuwa tena ukuta wa kati. Walizungumza wao kwa wao, kwa kelele, kwa Kinyaturu na Kiswahili vikichanganyika, na mimi nikajifunza upya kula polepole. Mwaka ulipoisha nilijua kazi ninayoitaka duniani, ingawa sikujua kama ina jina wala kama kuna anayeilipia. Nilitaka kukaa nyuma ya mtu anayekaribia kutazamwa na watu wengi, nihakikishe anaweza kunyanyua mikono.

Siku ya mwisho ya msiba, wageni walipopungua, tulibaki mimi na Zuhura kwenye mkeka. Agnesi alikuwa ameshakuja na kuondoka, bibi mwenye wajukuu sasa, amevaa gauni la kawaida la shingo wazi na hakuna aliyemwangalia mara mbili. Nilimwambia Zuhura kwamba kinachoniuma ni kuwa nilimshukuru mama yake kwa simu tu, na kwa sikukuu, na maneno yalikuwa yale yale ya kila mtu. Zuhura akanitazama kwa mshangao.

"Kwani hujui?" alisema. "Tamthilia zako alikuwa anaziangalia zote. Maneno hasikilizi hata kidogo, anatuuliza tu, huyu kavaa nini, yule pindo lake limekaaje. Ikifika mwisho majina yanapoanza kupanda, nyumba nzima kimya. Mtoto asikohoe. Yanapita mbio, na macho yake yalishachoka, lako hakuwahi kulisoma. Ananiuliza, 'Limepita?' Namwambia, 'Limepita, mama.' Anasema, 'Alhamdulillahi,' ndipo anaturuhusu tuzime."